Kusimulia Mwanza kwa Kiingereza: maneno ya walio nacho na wasio nacho

Mwaka wangu wa kwanza Uingereza, mwalimu wa darasa la jioni alitaka kila mmoja aeleze mji wa kwao. Nikaanza vizuri: Capri Point, nyumba zenye bustani zinazotazama ziwa. Nikahamia Mabatini, nyumba zilizobanana mlimani kati ya mawe mpaka unajiuliza kitanda kilipandaje. Nikataka kusema watu wa kule wamekosa huduma. Neno ni "deprived". Mimi nikasema "depraved", yaani waliopotoka kimaadili. Darasa kimya. Ndugu zangu wa Mabatini, mnisamehe.

Tangu hapo najifunza maneno haya kwa kuyarudisha nyumbani.

Chukua "income" na "wealth". Wengi tunayachanganya, kwa kuwa vyote ni pesa. Nenda Mwaloni, Kirumba. Siku za giza mvuvi wa dagaa anawasha taa, anavua, anapata mgawo wake: hiyo ni "income". Mbalamwezi ikitoka, anakaa bure. Tajiri wake ana mitumbwi, injini, nyavu na nyumba za kupangisha. Mwezi uwake usiwake, vipo. Hiyo ndiyo "wealth", na inarithiwa. Kwa hiyo ukisikia "wealth inequality", usijibu habari za mishahara.

"Equality" na "equity" Kiswahili chetu huyaita yote usawa. Kila mtaa kupewa kioski kimoja cha maji ni "equality". Kuongeza pampu ili maji yamfikie bibi wa kule juu mlimani ni "equity".

Sasa maneno ya kukutega. England, "public school" ni shule ya kulipia, tena ghali, kama Eton. Marekani ni shule ya serikali. Usijisifu Uingereza kwamba ulisoma "public school" ukimaanisha ile ya kata. "Benefits" kazini ni marupurupu, lakini mtu akiwa "on benefits" anaishi kwa msaada wa serikali. "Estate" kwa jirani zetu wa Nairobi ni mtaa wa kuishi, hata wa heshima. Huku ukitamka "council estate" wengi wanawaza nyumba za wenye kipato kidogo. Na "poor" usimwite mtu usoni. Sema "low-income".

Niliwahi kucheka nikiambiwa jirani mwenye friji ni maskini. Huku wanapima "relative poverty": kaya ambayo kipato chake hakifiki asilimia 60 ya kile cha kaya ya katikati, ukizipanga zote kwa mstari. "Extreme poverty" ni kipimo kingine, cha Benki ya Dunia, ambacho tangu Juni 2025 ni dola 3 kwa mtu kwa siku. Ukichanganya hivyo viwili mtabishana usiku kucha bila kusikilizana.

Muhula wa pili nikapewa zamu nyingine. Safari hii nilieleza sangara: minofu inapanda ndege kwenda Ulaya (Ujerumani utaikuta dukani kwa jina la Viktoriabarsch), kichwa na mifupa vinabaki, vinakaangwa, tunaviita mapanki. Nikasema: "They buy the fillet, we fry the frame." Mwalimu aliomba nirudie, akaandika ubaoni, kisha akauliza mapanki yana ladha gani. Nikamwambia ukweli: yakikaangwa vizuri, matamu.