Bolti Ikikatika, Iulize Kwanza: Kutafuta Hitilafu na Kutengeneza Mashine ya Kurusha Theluji ya Trekta

Trekta inanguruma vizuri, shafti ya PTO (kitoa nguvu cha trekta kinachoendesha mashine) inazunguka, lakini parafujo kubwa ya mbele ya mashine imetulia tuli na theluji inazidi kujilundika. Mwenye mashine anajua bolti ya usalama imekatika. Anatoa nyingine mfukoni, anafunga, anaendelea. Mita 50 mbele inakatika tena, na hapo wengi hutafuta bolti ngumu zaidi.

Nimelifanya kosa hilo. Bolti ngumu ilishika kweli kweli, mpaka jiwe lililogandiana na barafu lilipoingia. Kilichopasuka ni kasha la giaboksi, ufa ukianzia kwenye tundu la bolti ya kufungia hadi kwenye beringi. Ile bolti ngumu nilipoitoa haikuwa hata na mkwaruzo. Tangu siku ile, bolti iliyokatika naishika mkononi na kuitazama kabla sijagusa spana, kwa sababu kazi yake ni kukatika ili vingine vipone, na kila ikikatika ina sababu.

Mwongozo huu ni wa mashine inayoendeshwa kwa PTO, yenye hatua mbili: parafujo inakusanya theluji na kuileta katikati, kisha feni iliyo nyuma yake inairusha juu kupitia bomba. Nguvu inatoka kwenye trekta, inapita kwenye shafti, klachi ya kuteleza (kama ipo), giaboksi, cheni, halafu parafujo. Utafutaji wa hitilafu unafuata njia hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Simamisha kila kitu

Tenga PTO, funga breki ya kuegeshea, shusha mashine iguse ardhi, zima injini, toa ufunguo na uuweke mfukoni mwako. Kisha subiri. Feni nzito huendelea kuzunguka injini ikiwa imeshanyamaza.

PTO ya kawaida huenda mizunguko 540 kwa dakika, yaani 9 kila sekunde. Kamba ya koti ikinaswa, nguo imeshajiviringisha kwenye shafti kabla hujapiga ukelele. Kwa hiyo ngao ya plastiki ya shafti si pambo: iwe nzima, izunguke huru ukiishika kwa mkono mashine ikiwa imezimwa, na mnyororo wake uwe umefungwa.

Bomba likiziba, zibua kwa kijiti kigumu, kamwe si kwa mkono, hata injini ikiwa imezimwa. Shafti au mkanda unaweza kuwa umebaki na msokoto ndani yake, na ukiondoa kizuizi feni inaruka. Robo ya mzunguko inatosha kukata vidole. Ukilazimika kuingia chini ya mashine, iweke juu ya stendi imara. Haidroliki peke yake isikubebee uhai.

Hatua ya 2: Isome bolti

Toa vipande vyote viwili, futa grisi, vitazame kwenye mwanga. Uso uliokatika ukiwa laini, umevutika upande mmoja kama siagi iliyopitiwa na kisu, bolti ilikatwa kwa pigo moja. Tafuta jiwe, kipande cha mti, gazeti lililoganda au tonge la barafu kwenye parafujo. Ukikipata na kukitoa, basi bolti imefanya kazi yake na huna ugomvi nayo.

Uso ukiwa na sehemu mbili, moja yenye mistari myembamba iliyopinda kama alama za maji yanapokupwa ufukweni na nyingine ndogo iliyo chakavu, bolti haikufa leo. Imekuwa ikipasuka kidogo kidogo kwa siku nyingi. Mara nyingi chanzo ni nati iliyolegea, kiasi kwamba bolti inagongwagongwa kila PTO inapowashwa. Chanzo kingine ni matundu: pitisha bolti mpya na uichezeshe. Kama tundu limekuwa la yai badala ya duara, hakuna bolti itakayodumu humo. Lichomelee lote, kisha litoboe upya kwa kipimo chake, au litie bushi ya chuma.

Kabla ya kufunga mpya, zungusha parafujo kwa mkono wakati bolti haipo. Inapaswa kuzunguka yenyewe, nzito lakini huru, bila kuivuta shafti inayoiendesha. Isipozunguka, kuna barafu iliyoishika, au beringi imekufa, au imeoteana kutu na shafti yake. Hili la mwisho ndilo la hatari kuliko yote, maana bolti inakuwa haina kazi tena: parafujo na shafti vimekuwa kitu kimoja, na pigo linakwenda moja kwa moja kwenye giaboksi. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, ngoja saa kadhaa, gonga kwa nyundo ya shaba, rudia. Ikishalegea, jaza grisi kwenye nipeli zake huku ukiizungusha mpaka grisi itokeze pande zote mbili.

Bolti mpya iwe ile iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine, kwa daraja na kwa urefu. Kichwa cha bolti ya inchi ya daraja la 2 hakina mistari, la 5 kina mistari 3, la 8 kina 6. Za milimita zina namba kama 4.6, 8.8 au 10.9, na namba ikipanda ugumu unapanda. Urefu una maana pia: bolti fupi yenye nyuzi mpaka karibu na kichwa itakatika kwenye nyuzi, mapema kuliko inavyotakiwa.

Hatua ya 3: Shafti na krosi zake

Krosi ni kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu shafti kupinda. Shika pande zake mbili na uzisokote kinyume. Mchezo wowote unaousikia mkononi ni dalili ya sindano (vyuma vyembamba vya beringi ndani ya vikombe vya krosi) kuisha. Tazama pia kwenye vikombe vinne vya krosi: ukiona unga mwekundu kama pilipili ya kusaga, grisi ilikauka zamani na sindano zinasagika kutu.

Kubadilisha krosi kunataka utulivu. Toa ringi za kufungia, sukuma vikombe nje kwa jiliwa na soketi mbili, safisha matundu. Kwenye vikombe vipya paka grisi ya kutosha ili sindano zisimame zikiwa zimeshikana. Kikombe kikigoma milimita 2 au 3 kabla ya kufika mwisho na ringi ikakataa kuingia mferejini, usikipige nyundo. Sindano moja imelala chini yake. Kitoe, isimamishe, rudi tena. Anayelazimisha hapo atabadilisha krosi nyingine wiki hiyo hiyo.

Ukiunganisha mabomba mawili ya shafti, uma mbili za ndani (zinazoshika krosi) zikae kwenye mstari mmoja, la sivyo mashine nzima itatetemeka na utazilaumu beringi zisizo na kosa. Angalia na urefu: mashine ikiwa mahali shafti inapokuwa fupi kabisa, ibaki nafasi ya milimita 25 hivi bila kugonga mwisho, na inapokuwa ndefu kabisa mabomba yawe bado yameingiliana angalau theluthi moja. Shafti iliyo ndefu mno husukuma beringi za PTO ndani ya trekta, na hayo ni matengenezo ya gharama kuliko mashine yenyewe.

Kama mashine inagonga ta-ta-ta ukiinyanyua, umeipandisha juu mno na pembe ya krosi imezidi. Tenga PTO kabla ya kunyanyua.

Hatua ya 4: Klachi ya kuteleza

Mashine nyingine zina klachi hii badala ya bolti, au pamoja nayo. Diski zake hubanwa na springi, na zikizidiwa huteleza. Baada ya kulala miezi bila kazi, diski hushikana kwa kutu. Kwa nje klachi inaonekana nzima, kumbe imekuwa chuma kimoja.

Pima urefu wa kila springi na uandike. Chora mstari mmoja kwa chaki ya mafuta ukipitia diski zote. Legeza nati sawasawa mpaka springi ziweze kuzungushwa kwa vidole. Rudi kwenye kiti, washa PTO injini ikiwa taratibu, kwa sekunde 2 au 3 tu, kisha zima kila kitu kama hatua ya 1. Mstari ukiwa umevunjika vipande, diski zimeachana. Mstari ukibaki mmoja, fungua klachi, sugua kutu kwa msasa, badilisha diski zilizokonda au kupasuka. Usizipake grisi wala mafuta. Mwishoni kaza nati zirudi kwenye urefu wa springi uliotajwa kitabuni. Kukaza zaidi "ili isiteleze" ni sawa na kufunga ile bolti ngumu.

Hatua ya 5: Giaboksi

Fungua kizibo cha kipimo na utazame mafuta. Meupe kama maziwa yana maji, na maji hayo yakiganda chini ya gia, mzunguko wa kwanza wa asubuhi unaweza kuvunja meno. Mwaga yote, pitisha sumaku kwenye tope lililobaki. Unga mweusi laini ni wa kawaida kwa gia zinazofanya kazi, lakini vipande vinavyokwaruza kidoleni vinakuambia ufungue giaboksi. Mashine nyingi hutumia mafuta ya gia ya 80W-90, ila thibitisha yako.

Sili (pete inayozuia mafuta yasitoke kando ya shafti) ikivuja, kabla ya kununua nyingine angalia kizibo cha kupumulia kilicho juu. Kikiziba kwa uchafu, mafuta yakipata joto shinikizo hutafuta njia, na njia rahisi ni mdomo wa sili. Nimeona watu wakibadilisha sili tatu mfululizo kwa sababu ya kizibo ambacho kingesafishwa kwa brashi. Sili mpya ikae mdomo wake ukielekea ndani, kwenye mafuta. Kama shafti imechimbika mfereji pale sili ya zamani ilipokaa, ingiza mpya kwa kina tofauti kidogo ili mdomo uguse chuma laini.

Hatua ya 6: Cheni na beringi

Sukuma cheni katikati: mchezo wa milimita 10 hivi unatosha kwa mashine nyingi. Iliyokazwa kama waya wa gitaa huua beringi, iliyolegea huruka meno. Weka rula ndefu kwenye nyuso za gia mbili za cheni. Zisipokaa kwenye mstari mmoja, cheni italika upande mmoja tu.

Kwa beringi, zungusha kwa mkono huku umeweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kasha na mpini wake sikioni. Beringi nzima inavuma, mbovu inasaga mchanga.

Hatua ya 7: Theluji hairushwi mbali, au bomba linaziba

Hapa malalamiko ni mengi, na mara nyingi mashine haina ubovu. Mita moja ya ujazo ya theluji kavu iliyoanguka sasa hivi inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100. Iliyolowa na kushindiliwa hupita kilo 300. Dereva anaona theluji ile ile nyeupe, feni inaona mzigo mara nne.

Feni yenye kipenyo cha sentimita 60 ikizunguka mara 540 kwa dakika, ncha zake zinakwenda karibu mita 17 kwa sekunde. Ukipunguza mwendo wa injini ili "kuihurumia" mashine, kasi ikashuka nusu, umbali wa kurusha kimahesabu unashuka hadi robo. Theluji haitoki, inarudi, inashindiliwa, bomba linaziba. Kwa hiyo PTO iende kwa kasi yake kamili siku zote. Ukitaka kupunguza mzigo, punguza mwendo wa trekta kwa gia ya chini kabisa, au chukua nusu ya upana.

Kasi ikiwa sawa na bado bomba linaziba, pima pengo kati ya ncha za feni na ukuta wa kasha lake. Likipita sentimita moja, theluji ya maji inateleza na kurudi kupitia hapo. Dawa yake ni vipande vya mpira mgumu wenye nyuzi za kitambaa ndani, vinavyofungwa kwa bolti kwenye kila panga la feni mpaka vikwaruze ukuta kidogo tu. Viwe na uzito sawa, ama feni itayumba. Halafu sugua kutu ndani ya bomba, paka rangi laini, ikikauka paka nta. Kutu ndiyo inayoshika theluji, na ukuta unaoteleza hauzibi kirahisi.

Bomba likigoma kugeuka, ondoa barafu chini ya ringi yake kabla ya kulaumu mota. Kama kuna mvujo wa haidroliki, utafute kwa kipande cha kadibodi. Mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi.

Hatua ya 8: Viatu na kisu cha chini

Viatu ni vyuma vya pembeni ambavyo mashine huteleza juu yake. Kwenye kokoto virekebishe ili kisu kikae sentimita 2 hadi 3 juu ya ardhi, kwenye lami milimita chache. Kisu kikiisha kigeuze, kabla kasha lenyewe halijaanza kulika.

Hatua ya 9: Jaribio

Watu wakae mbali, bomba lielekee pasipo na mtu wala dirisha. Washa PTO injini ikiwa taratibu, sikiliza dakika moja, kisha panda hadi kasi kamili. Zima, shuka, kagua bolti ya usalama kwa spana: mara nyingi inakubali kukazwa tena robo mzunguko baada ya mzigo wa kwanza. Ukimaliza kazi, iache mashine izunguke tupu dakika chache ili itupe maji yaliyomo, ndipo uiegeshe. Bolti mbili za daraja sahihi zifunge kwa waya kwenye fremu, pamoja na spana yake.