Kioo, Tochi ya Simu na Dakika Mbili za Usiku: Namna ya Kutunza Meno na Fizi

Mtu akishaketi kwenye kiti changu, kabla sijamwambia afungue kinywa, huwa namuuliza kwanza: "Jana usiku ulipiga mswaki?" Karibu wote hunijibu kwa kujitetea: "Asubuhi sikosi hata siku moja, dokta." Asubuhi sikuiuliza.

Mimi ni tabibu wa meno, nafanya kazi Tanga. Nilichokiona ni kwamba kwetu mswaki ni suala la heshima zaidi kuliko afya. Tunaupiga asubuhi ili tusitoke nyumbani kinywa kinanuka. Usiku hakuna mgeni wa kumwonea haya (mwenzio kitandani ameshazoea), basi tunalala na wali wetu katikati ya magego. Na usiku ndio wakati mbaya. Mchana mate yanasuuza meno na kupunguza makali ya asidi inayotengenezwa na vijidudu vinapokula sukari. Ukilala, mate hupungua sana, na vijidudu vinabaki na chakula, na masaa saba au manane ya kukila bila kusumbuliwa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza leo usiku, baada ya chakula.

Hatua ya 1: Jikague mwenyewe

Chukua kioo na tochi ya simu. Vuta mdomo wa chini kwa kidole, utazame pale ufizi unapokutana na jino. Hapo ndipo pa kuangalia, kwenye huo mpaka. Ufizi mzima umelibana jino vizuri kama kola iliyopigwa pasi, na kati ya jino na jino umechongoka. Usishtuke ukiona madoa meusi au ya kahawia kwenye fizi, wengi wetu tumezaliwa nayo. Tazama ukingo. Kama umevimba, umekuwa mwekundu na unang'aa, pana ukoga, yaani ule utando wa vijidudu unaoganda kwenye meno.

Sasa pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini. Kuko laini, au unahisi kama ukuta uliopigwa sementi bila kusawazishwa? Kama ni hivyo, huo ni ukoga uliogeuka jiwe. Matundu ya mate yako hapo chini ya ulimi, na mate yana madini, ndiyo maana sehemu hiyo huota jiwe mapema. Ukoga laini ni kazi yako na mswaki wako. Ukiuacha, ndani ya siku chache huanza kuwa mgumu, na ukishakuwa jiwe hautoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa ndimu. Unakwanguliwa kliniki. Tafadhali usijaribu na ncha ya kisu, nimeshawashona waliojaribu.

Halafu kuna damu. Mtu akiona damu kwenye mswaki hufanya mambo mawili, na yote si sahihi: anaacha kupiga mahali hapo, na anakwenda kununua machungwa kwa sababu ameambiwa ana kiseyeye. Kiseyeye cha kweli kinatokana na kukosa vitamini C, na ni nadra kumkuta mtu nacho wakati anakula mchicha, maembe na mapapai. Damu nyingi ninazoziona mimi ni za ukoga.

Bibi mmoja alikuja na malalamiko hayohayo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimenyonya ndimu mwezi mzima, damu haikatiki."

Fizi zilikuwa vilevile, na ndimu zilikuwa zimeanza kuyala meno. Nilimkwangua ukoga, nikamwambia apige mswaki laini palepale panapotoka damu, kila usiku. Akanitazama. "Mwanangu, unataka kunimaliza?" Wiki mbili baadaye alirudi kunieleza kwamba damu imekata, na kuniuliza zile ndimu zilizobaki azifanyie nini.

Hatua ya 2: Vifaa

Mswaki wa dukani uwe laini na kichwa chake kiwe kidogo. Wanaume hasa wananunua mswaki mgumu kana kwamba wanakwenda kusugua sufuria. Mswaki mgumu hausafishi zaidi, unausukuma ufizi urudi nyuma mpaka mzizi unabaki wazi, na mzizi huo ndio utakaokuuma ukinywa maji baridi. Badilisha kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi nywele zikianza kutawanyika.

Dawa ya meno: soma boksi. Tafuta neno Fluoride na namba iliyo kati ya 1000 na 1500, mwisho wake pameandikwa ppm. Hiyo ndiyo floraidi, inayolipa gamba la jino nguvu ya kuhimili asidi. Rangi, ladha na mistari mitatu ni mapambo tu. Mtu mzima anahitaji kiasi cha punje ya njegere. Ule mkia mrefu unaojaza mswaki mzima kwenye matangazo unasaidia kumaliza dawa haraka.

Wasomaji wa Arusha na Kilimanjaro huwa wananirukia hapa: "Floraidi si ndiyo iliyotuharibia meno?" Ni kweli, maji ya maeneo mengi ya huko yana floraidi asilia kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi ya kulainishia maharage huongeza nyingine. Lakini rangi ile ya kahawia huingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya, yaani utotoni. Jino lililokwisha kuota halibadiliki rangi kwa dawa ya meno. Wa kuangaliwa ni mtoto anayemeza dawa, nitamfikia.

Mswaki wa mti je? Ndio uliotupa hilo jina, na Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake tangu 1986 kwa jamii zenye desturi hiyo. Chukua kipande cha shibiri moja, unene wa penseli. Menya ganda kiasi cha sentimita moja, kiloweke kidogo kama kimekauka, tafuna ncha mpaka itoe nyuzi, kisha piga kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Kila siku kata ncha iliyotumika. Udhaifu wake mkubwa ni upande wa ndani wa magego, hapo wengi hawafiki. Mimi nashauri mchana utumie wa mti, usiku wa dukani wenye dawa.

Mkaa, chumvi ya mawe, mchanga, majivu: achana navyo. Meno yanang'aa mwezi wa kwanza kwa sababu unayapiga msasa.

Hatua ya 3: Kupiga mswaki kwenyewe

Shika mswaki kama kalamu, kwa vidole, usiukamate kwa ngumi kama mwiko wa ugali. Ulaze nusu juu ya jino na nusu juu ya ufizi, nywele zikielekea kwenye ule mpaka uliouona kwenye kioo, mshazari wa kama nyuzi 45. Tetemesha mahali hapo mara kumi hivi, mwendo mfupi mfupi, halafu fagia kuelekea ncha ya jino. Sogea meno mawili mbele, rudia.

Shika njia moja usiibadilishe. Mimi naanzia nje, gego la juu kulia, nazunguka mpaka kushoto, nashuka chini, narudi kulia. Kisha mzunguko huohuo kwa ndani. Mwisho sehemu za kutafunia. Nyuma ya meno ya mbele simamisha mswaki wima, utumie ncha yake. Nyuma ya gego la mwisho kabisa funga mdomo kidogo ili shavu lilegee, mswaki upite. Ukiachama sana shavu linakaza na unagonga mfupa.

Yote hiyo ni dakika mbili. Jaribu kujipima kwa saa mara moja tu, utagundua ulikuwa unatumia sekunde thelathini.

Ulimi nao, kutoka nyuma kuja mbele mara tatu nne. Harufu nyingi mbaya inakaa huko.

Hatua ya 4: Tema, usisukutue

Hii huwa inawakera watu. Ukimaliza, tema povu, basi. Ukisukutua kwa vikombe viwili vya maji unaitoa floraidi yote uliyoilipia. Kama huwezi kabisa kuvumilia ladha, funda moja dogo. Baada ya hapo usile kitu, na kinywaji kiwe maji tu mpaka asubuhi. Kwenye Ramadhani hesabu hubadilika: piga baada ya daku, kwa sababu baada ya hapo wengi hurudi kulala na tende mdomoni.

Asubuhi piga pia. Lakini kama umekunywa juisi ya ukwaju au umekula embe bichi, ngoja nusu saa. Asidi hulainisha gamba la jino kwa muda, na ukisugua hapohapo unalichubua.

Hatua ya 5: Katikati ya meno

Nywele za mswaki haziingii kati ya jino na jino, na ndiko magonjwa mengi ya fizi huanzia. Uzi wa meno unapatikana kwenye maduka ya dawa ya mjini. Kata kiasi cha sentimita arobaini, zungushia kwenye vidole vya kati vya mikono miwili, ubaki kipande kifupi katikati. Upitishe kwa kuuvuta mbele na nyuma taratibu, usiupige ukatumbukia, utakata ufizi. Ukishaingia, ulikumbatishe jino moja, panda na shuka mara kadhaa, kisha jino la jirani. Mwenye nafasi pana atumie vibrashi vidogo vya katikati ya meno, ni rahisi zaidi.

Kijiti baada ya mishikaki sikikatazi, ila kiwe cha kutoa nyama. Kisigeuke mchezo wa kuchokoa ufizi huku unatazama mpira. Pini na njiti ya kiberiti, hapana.

Hatua ya 6: Hesabu mara, usihesabu vijiko

Kila unapoingiza kitu kitamu, asidi hushambulia meno kwa kama nusu saa kabla mate hayajatuliza. Kwa hiyo jino linajali zaidi ni mara ngapi. Kuna dereva mmoja wa daladala alikuwa anaweka chupa ya soda kando ya usukani, anaigusa funda moja kila kituo, kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Soda moja tu kwa siku, na alikuwa anajisifu kwa hilo. Meno yake ya mbele yalikuwa yameoza yote kwenye mpaka wa ufizi. Angeinywa na chakula cha mchana akaimaliza, angeumia kidogo sana.

Ubuyu wa rangi una kesi mbaya zaidi: ni mchachu, umepakwa sukari, na unamung'unywa punje kwa punje. Naupenda, na naula. Naula baada ya mlo, namaliza kifuko, nasukutua kwa maji. Wanaotafuna mirungi huku wameweka bazoka au pipi shavuni, upande huo ndio ninaouziba mwanzo.

Hatua ya 7: Watoto

Anza jino la kwanza linapochomoza, mara nyingi karibu na miezi sita. Mpaka afike miaka mitatu, dawa iwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia hapo mpaka sita, punje ya njegere, na umfundishe kutema. Mpigie wewe mpaka afike miaka saba au minane. Asiyeweza kufunga kamba za viatu hawezi kusafisha gego. Asilale na chupa ya uji wala maziwa mdomoni.

Mtoto mchanga akiharisha na mtu akakuambia ana "meno ya plastiki" yang'olewe, chukua mtoto uende kituo cha afya. Kinachong'olewa pale ni vichipukizi vya meno halisi, na watoto wamekufa kwa vidonda na damu za kazi hiyo.

Kwenye miaka sita, gego jipya huota nyuma ya magego ya utotoni bila jino lolote kung'oka, na wazazi hudhani nalo ni la utoto. Nalijua hilo vizuri. Langu lilitoboka nikiwa na miaka kumi na moja, marehemu baba akaambiwa ling'olewe tu, litaota jingine. Mpaka leo nina pengo, na gego la juu lililokosa mwenzake wa kugongana naye limeshuka kulijaza.

Hatua ya 8: Lini uje

Mara moja kwa mwaka hata kama hapaumi, na mara mbili kama una kisukari, kwa sababu kisukari na ugonjwa wa fizi vinachocheana. Mjamzito pia aje, homoni huzifanya fizi zivimbe kwa ukoga kidogo tu, na matibabu ya kawaida ya meno hayamdhuru mtoto.

Hesabu wiki mbili tangu usiku wa leo, kisha rudi kwenye kioo na tochi. Kama bado damu inatoka, au jino linacheza, njoo tukwangue. Jino lililokuwa linauma likinyamaza ghafla, njoo pia. Huenda mshipa wake umekufa, na usaha unatafuta njia. Na ukiamka shavu limevimba, una homa, au kumeza na kufungua mdomo kumekuwa shida, usisubiri Jumatatu. Nenda hospitali usiku huohuo.