Jinsi ya Kuandaa Maoni ya Wananchi Kuhusu Mikataba ya Silaha za Nyuklia na Kuyafikisha Bungeni Dodoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya wanafunzi, vyama vya kitaaluma, jumuiya za dini na asasi za kiraia za Dodoma na Singida ambazo zingependa Tanzania iendelee kuwa na sauti katika juhudi za kimataifa za kutokomeza silaha za nyuklia, lakini hazijui zianzie wapi. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba inayoihusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa, na Bunge hilo linakaa hapa hapa Dodoma. Kwa hiyo kazi ya kikundi chenu si kuiomba dunia iwe na amani, bali ni kuandika waraka mfupi wenye ombi moja ambalo anayeupokea ana uwezo wa kulitekeleza. Nyaraka nyingi za aina hii hushindwa kwa sababu moja tu: zinahubiri, haziombi.

Anzeni kwa kusoma mikataba yenyewe badala ya makala zinazoieleza. Miwili iliyo muhimu zaidi kwa kazi hii ni mifupi. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia una ibara 11, na Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia una ibara 20. Yote miwili husomeka kwa jioni moja, na kikundi kinaweza kugawana ibara, kila mtu akaeleza sehemu yake kwa Kiswahili mbele ya wenzake. Wa kwanza ulianza kutumika tarehe 5 Machi 1970, na kiini chake ni makubaliano ya pande mbili. Nchi zisizo na silaha hizo ziliahidi kutozitafuta na kukubali kukaguliwa, na nchi tano zilizotambuliwa kuwa nazo, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, zilibanwa na Ibara ya VI kufanya mazungumzo ya nia njema ya kuziondoa. Tanzania ilijiunga mwaka 1991. India, Pakistan na Israel hazijawahi kujiunga, na Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa mwaka 2003.

Wa pili ulizaliwa na kutoridhika. Nchi nyingi zisizo na silaha ziliona kwamba ahadi ya Ibara ya VI inasuasua, zikakutana New York na kupitisha, tarehe 7 Julai 2017, mkataba unaokataza silaha hizo moja kwa moja: kuzitengeneza, kuzimiliki, kuzijaribu, kuzitumia, kutishia kuzitumia, au kumsaidia mwingine kufanya lolote kati ya hayo. Kura za ndiyo zilikuwa 122. Ulianza kutumika tarehe 22 Januari 2021, siku 90 baada ya hati ya hamsini ya kuridhia, ile ya Honduras, kupokelewa. Tanzania iliutia saini tarehe 26 Septemba 2019.

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza ya waraka, fungueni jedwali la mikataba la Umoja wa Mataifa na mtazame mstari wa Tanzania. Fanyeni hivyo siku ile ile mnayochapa waraka, kwa sababu hali ya mikataba hubadilika, na hakuna jambo linaloua hoja upesi kama kuiomba Serikali ifanye kilichokwisha kufanyika. Jedwali likionyesha tarehe ya saini peke yake, bila tarehe ya kuridhia, ombi lenu ni la kuridhia. Likionyesha zote mbili, ombi lenu linahamia kwenye sheria ya ndani, jambo nitakaloligusa mwishoni.

Kuna mikataba mingine miwili ambayo hamtaiombea lolote lakini lazima muijue, kwa kuwa mtaulizwa. Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara la Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulitiwa saini Cairo mwezi Aprili 1996, Tanzania ikauridhia mwaka 1998, na ukaanza kutumika Julai 2009. Jina lake limetokana na kituo cha utafiti cha Afrika Kusini, nchi iliyotengeneza mabomu sita kisha ikayabomoa yenyewe. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, bado haujaanza kutumika kisheria kwa sababu unahitaji nchi 44 zilizotajwa kwa majina na baadhi yao hazijaridhia. Hata hivyo mtandao wake wa vituo vya ufuatiliaji unafanya kazi, na kimojawapo, kinachonasa chembechembe za mionzi hewani, kiko Dar es Salaam. Mfano huo utumieni. Unaonyesha kwamba ushirikiano wa kimataifa unaweza kuwa mtambo unaonguruma kila siku katika nchi yetu, si mikutano ya mabalozi tu.

Sasa ifikieni hoja ambayo watu wa kanda ya kati wana haki ya kuisema kuliko Watanzania wengi. Bahi na Manyoni zina urani katika udongo wa mbuga zake, na utafutaji wa madini hayo umewahi kufanyika huko; mradi uliopiga hatua zaidi uko mbali, Mto Mkuju wilayani Namtumbo. Mkulima wa mpunga wa Bahi anayesikia habari za urani atauliza kwanza kuhusu maji na shamba lake, na yuko sahihi. Swali lake la pili, ambalo mara nyingi hakuna anayelijibu, ni hili: yakichimbwa, yanakwenda wapi, na nani anahakikisha hayaishii kwenye bomu? Waraka wenu unapaswa kulijibu swali hilo kwa lugha ambayo mkulima huyo ataielewa.

Jibu lenyewe ni kwamba urani inapotoka ardhini haifai kwa bomu. Ile aina ya 235, ambayo ndiyo inayohitajika, ni asilimia 0.7 tu ya urani ya asili. Vinu vingi vya nyuklia vya kuzalisha umeme hutumia iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa kiwango cha aina hiyo, hadi asilimia 3 au 5, na ya silaha hufikishwa takribani asilimia 90. Mgodini hutoka unga uliosafishwa, ambao hufungwa katika mapipa ya chuma na kusafirishwa nje. Ulinzi unaanzia kwenye mapipa hayo. Tanzania ina makubaliano ya ukaguzi na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na Itifaki ya Ziada, yote yakiwa yanatumika tangu mwaka 2005. Kwa itifaki hiyo nchi hulijulisha Shirika migodi ya urani ilipo, hali ya utendaji wake na uwezo wake wa uzalishaji kwa mwaka. Na kwa makubaliano ya msingi, inapouza urani kwa nchi isiyo na silaha za nyuklia, hutoa taarifa ya kiasi na mahali inakokwenda. Msimamizi wa ndani ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 na yenye maabara zake Njiro, Arusha. Iandikieni kuomba ufafanuzi kabla ya kuikosoa au kuisifu.

Afrika ina sababu ya kulisisitiza hili. Urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga, na wachimbaji wa Kikongo hawakuambiwa ilikuwa ya kazi gani. Kisha Ufaransa ikafanya majaribio 17 katika jangwa la Sahara, nchini Algeria, kati ya 1960 na 1966. Ibara ya 6 na ya 7 za mkataba wa mwaka 2017, zinazohusu kuwasaidia waathirika na kusafisha mazingira yaliyochafuliwa, ziliandikwa kwa ajili ya watu kama hao, na kwa maoni yangu ndizo ibara zinazostahili aya ndefu kuliko zote katika waraka wa kikundi cha Kiafrika.

Baada ya hapo jiandaeni kwa maswali ya waheshimiwa. La kwanza litakuwa: tayari tuna Pelindaba, mkataba mwingine wa nini? Jibuni kwamba Pelindaba inalinda eneo la Afrika, ilhali mkataba wa marufuku hauna mipaka ya kijiografia, unakataza hata kutishia kutumia silaha hizo, na unamtaja mwathirika. La pili litahusu maendeleo: je, tutajifunga tusitumie nishati ya nyuklia au tiba ya mionzi? Hapana. Ibara ya IV ya mkataba wa mwaka 1970 inatambua haki ya matumizi ya amani, na mkataba wa marufuku hauigusi haki hiyo. Wagonjwa wa saratani wa Ocean Road na Bugando wataendelea kutibiwa kwa mionzi kama kawaida. La tatu ni gumu zaidi, nalo ni kwamba hakuna hata nchi moja yenye silaha iliyojiunga. Hilo ni kweli, kwa hiyo likirini bila kuzungukazunguka. Msidai kwamba mkataba huo umepunguza vichwa vya nyuklia. Vilipungua kutoka takribani 70,000 katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu 12,000 hasa kwa makubaliano kati ya Washington na Moscow, na baadhi ya makubaliano hayo, kama ule mkataba wa makombora ya masafa ya kati wa mwaka 1987 uliokoma 2019, yamekwisha kuvunjika. Hoja yenu iwe kwamba makubaliano ya wakubwa wawili yanapolegea, kanuni inayoungwa mkono na nchi nyingi ndogo inakuwa na umuhimu zaidi.

Mkitaka kumgusa mbunge anayeona jambo hili kuwa la kigeni, mkumbusheni mwezi Mei 1984. Mwalimu Julius Nyerere, pamoja na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Uswidi, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Mexico na Andreas Papandreou wa Ugiriki, walitoa wito wa pamoja wa kuzitaka nchi zenye silaha za nyuklia zisimamishe majaribio na utengenezaji wa silaha hizo. Aya moja inatosha. Msigeuze waraka kuwa somo la historia.

Uandishi wenyewe ufuate sura ya barua rasmi. Wekeni kumbukumbu namba na tarehe, andikeni kwa Katibu wa Bunge, na katika mstari wa YAH: tajeni mkataba kwa jina lake kamili. Ombi likae katika aya ya kwanza, si ya mwisho. Kwa mfano: “Tunaiomba Kamati inayoshughulikia mambo ya nje, ulinzi na usalama iishauri Serikali kuwasilisha Bungeni Azimio la kuridhia Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia, ambao Tanzania iliutia saini tarehe 26 Septemba 2019.” Sentensi hiyo ina mpokeaji, kitendo, mkataba na tarehe. Zinazofuata zieleze sababu, kurasa zisizidi mbili, na kila anayetia saini aandike nafasi yake katika kikundi.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiliombe Bunge liridhie moja kwa moja. Ni kwa sababu Bunge haliridhii mkataba ambao Serikali haijauwasilisha. Azimio huletwa na waziri mhusika, kamati hutoa maoni yake, kisha wabunge wakajadili na kupitisha. Ndiyo maana nakala ya waraka lazima ifike pia Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, katika Mji wa Serikali Mtumba. Kikundi kinachoishia kwenye lango la Bunge kimefanya nusu ya kazi.

Pelekeni kwa mkono, katika masjala, mkiwa na nakala ya ziada ambayo itagongwa muhuri wa kupokelewa na kurudishwa kwenu. Bila muhuri huo ufuatiliaji wote unabaki maneno matupu. Msisubiri Bunge la bajeti, kwani kati ya Aprili na Juni kamati huelemewa na makadirio ya wizara. Wakati mwafaka ni wiki za vikao vya kamati zinazotangulia mikutano mifupi. Mbunge wa jimbo na wabunge wa Viti Maalumu wa mkoa wapewe nakala pia, tena ikiwezekana ana kwa ana wanapokuwa jimboni, ambako husikiliza kwa utulivu zaidi. Kamati ikiwaita kutoa maoni, mtumeni msemaji mmoja aliyesoma ibara zote, na mwingine wa kuandika kila swali lililoulizwa.

Kisha fuatilieni Hansard, yaani taarifa rasmi za mijadala ya Bunge. Mbunge akiligusa jambo hilo katika swali au mchango wake, chukueni tarehe ya kikao na mwandike barua ya pili inayorejea maneno yake; Serikali hujibu kwa urahisi zaidi jambo lililokwisha kuingia katika kumbukumbu rasmi.

Siku Azimio litakapopita, kazi inabadilika tu. Hati ya kuridhia huwasilishwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na siku 90 baadaye mkataba unaanza kuifunga nchi. Ndani ya siku 30 baada ya hapo, Ibara ya 2 inaitaka nchi itoe tamko kuhusu hali yake ya silaha za nyuklia. Ibara ya 5 nayo inataka hatua za kisheria, zikiwamo adhabu, dhidi ya mtu yeyote atakayekiuka marufuku hiyo ndani ya mamlaka ya nchi. Kwetu mkataba haugeuki kuwa sheria ya ndani kwa kuridhiwa pekee, bali huhitaji kutungiwa sheria. Kwa hiyo wekeni nakala zenu, muhuri na majina ya mliozungumza nao, kwa sababu waraka wa pili, unaoomba marekebisho ya Sheria ya Nguvu za Atomu au muswada mpya, utaelekezwa kwa watu wale wale.