Darasa ambalo watoto wanahitajiana: jinsi ya kufundisha kwa vipande

Walimu wenzangu wa shule za msingi, hili nalisema kwa moyo wote maana nimeliona likibadilisha watoto. Tunabandika ukutani "sisi ni ndugu, tusaidiane", halafu kipindi kikianza tunauliza swali na vidole vinavyonyooshwa ni vya walewale wanne, mwalimu mimi! mwalimu mimi!, mmoja anachaguliwa na waliobaki wanaomba akosee ili zamu iwarudie wao. Undugu utatoka wapi hapo? Panga somo ambalo mtoto hawezi kulimaliza bila mwenzake, utaona.

Mbinu yenyewe wengi wanaiita jigso, jina la ule mchezo wa kuunganisha vipande vya picha, mi naiita vipande. Ilianzia Austin, Texas, Marekani, mwaka 1971. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wa chuo kikuu waliombwa msaada kwa sababu shule zilikuwa ndo kwanza zimechanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na ugomvi ulikuwa mkubwa. Wakakaa madarasani wakaangalia, wakagundua kule kushindana kumfurahisha mwalimu kulikuwa kunachochea moto, basi wakabadilisha namna somo linavyogawanywa.

Chukua somo linalokatika vizuri vipande vitano. Mi nimezoea kuanza na sehemu za mmea: mizizi, shina, majani, ua, mbegu. Kila kipande mtoto anaweza kukielewa peke yake bila kusoma kingine, na hilo ni la muhimu sana, usichukue hadithi inayofuatana maana mwenye kipande cha mwisho hataelewa kitu. Andika kila kipande kwenye karatasi yake, aya moja au mbili, maneno mepesi. Aya ya mizizi inasema inafyonza maji na madini na kuushika mmea ardhini, ya shina inasema linapandisha maji hadi kwenye majani, ya majani inasema yanatengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa jua, na kadhalika.

Sasa makundi. Ukiwa na watoto 30 unapata makundi 6 ya watano watano, haya ndo makundi ya nyumbani. Yapange wewe mwenyewe, ukiwaachia wachague watakaa marafiki kwa marafiki na wale wasio na rafiki watabaki wamesimama katikati ya darasa wakitazamwa, na hicho ni kidonda ambacho mtoto hakisahau. Changanya anayesoma haraka na anayesoma polepole, mwongeaji na mkimya, wavulana na wasichana. Wakizidi watatu juu ya hao 30, wagawe kwenye makundi matatu, na humo kipande kimoja washike wawili. Darasa la 60 pia linawezekana, kila kipande kisomwe na wawili kwenye kila kundi.

Kila mtoto akishapata karatasi yake anasoma kimya dakika chache, halafu anaondoka kwenda kukaa na wenzake wenye kipande kilekile, mizizi wote kona hii, majani wote kona ile. Hapa ndo moyo wa kazi yote, naomba usiruke hatua hii hata kama muda umekubana. Mimi mara ya kwanza niliiruka, nikawapeleka moja kwa moja kwenda kufundishana, na mtoto mmoja anayesoma kwa shida alikwama mbele ya kundi lake, wakamcheka, akalia. Lile kosa lilikuwa langu kabisa. Kwenye kona ya wenye kipande kimoja mtoto kama huyo anasikia wengine wakieleza, anauliza bila aibu, anajaribu kusema kwa maneno yake na wanamrekebisha, kwa hiyo akirudi kundi la nyumbani anarudi na kitu mkononi. Kabla hawajatawanyika pita kila kona na umsikilize angalau yule unayemhofia.

Wakirudi kundi la nyumbani kila mmoja anafundisha kipande chake, na karatasi zinageuzwa chini, wasisomeane tu. Utasikia kelele, ni kelele nzuri, zoea. Wewe usirudi ubaoni kueleza upya wala usijibu swali ambalo jibu lake lipo kwa mtoto aliyekaa palepale, mwambie tu "muulize mwenzako wa shina, yeye ndo anajua". Hiyo sentensi imenisaidia kuliko hotuba zote nilizowahi kutoa kuhusu kuheshimiana.

Kuna yule atakayetaka kuongea yeye tu. Chagua kiongozi kwenye kila kundi, mtulivu, si lazima awe wa kwanza darasani, na ukiona mambo yanakwenda vibaya mnong'oneze yeye aliweke sawa badala ya wewe kuingilia. Mkimya naye anahitaji muda. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alipima miaka ya nyuma huko akakuta walimu tukiuliza swali tunasubiri kama sekunde 1 tu kabla hatujaendelea, na tukisubiri hata 3 majibu yanakuwa marefu na watoto wengi zaidi wanajibu. Mi hiyo nimewafundisha watoto wenyewe, mwenzako akinyamaza hesabu moja mbili tatu kimoyomoyo, usimdakie.

Na anayemcheka mwenzake? Usimpigie kelele mbele ya watu. Mwambie taratibu kwamba karibuni kutakuwa na jaribio na maswali ya mizizi yatakuwemo, na mwenye mizizi ni huyohuyo anayechekwa. Ataanza kuuliza maswali ya kumsaidia, mwanzoni kwa ajili ya alama zake mwenyewe, sawa tu, baadaye inakuwa mazoea.

Jaribio lenyewe ni fupi, kila mtoto peke yake, vipande vyote vitano. Usitoe maksi ya kundi, maana watamlaumu dhaifu na utakuwa umerudisha ugomvi mlango wa nyuma.

Kaa na makundi yaleyale wiki kadhaa ndo ubadilishe, siku ya kwanza usitegemee makubwa, watagombana na wengine watakuambia bora utufundishe wewe mwalimu. Mtoto asipokuja shule, omba mwenye kipande hicho kutoka kundi la jirani aje awafundishe, na aliyekosa akirudi watoto wawili wa kundi lake wakae naye wamweleze kabla ya kipindi. Kwangu siku hizi hata sikumbushi, kabla sijaita majina asubuhi wananiwahi mlangoni, mwalimu, wa ua hajaja, leo tunafanyaje?