Mnaenda Hija na mtoto mdogo anabaki kwa bibi? Jipangeni hivi

Jamani wazazi wenzangu, kama mshalipia Hija na nyumbani kuna mtoto wa mwaka mmoja miwili mitatu, najua kinachowakosesha usingizi sio ihramu wala dola, ni huyu mtoto anabaki na nani. Kwenda naye msifikirie, Hija ya 2025 Saudia walitangaza kabisa watoto hawaruhusiwi kuongozana na mahujaji kwa sababu ya ule msongamano, na hata ingekuwa ruhusa, jua la Arafa sio la mtoto. Sisi tulimwacha binti yetu akiwa na mwaka 1 na miezi 8 kwa mama yangu Tanga, wiki nne na siku kidogo, na niliyojifunza ni kwamba kazi kubwa sio kumwandaa mtoto, ni kumwandaa bibi. Tunasema tu "si amenilea mimi na wadogo zangu sita" halafu tunamwachia begi la nguo na pempasi tunaondoka, tunasahau alitulea akiwa na miaka 25 na magoti mazima.

Kwa hiyo anza kwa kumuuliza, na muulize vizuri. Mama wa pwani hawezi kukwambia "sitaki mjukuu", tena ukimuuliza mbele ya watu ndo kabisa, atasema mlete mwanangu nendeni mkaniombee dua. Kaa naye peke yenu chumbani umuulize mambo ya kweli kweli, mama presha inasomaje siku hizi, usiku unaamka mara ngapi, unaweza kumwinua mtoto wa kilo 11 kumtoa kwenye beseni? Mama yangu ndo akaniambia mkono wa kulia haunyanyuki vizuri tangu Ramadhani, na sikuwa najua. Tukaamua dada wa kazi aende Tanga pamoja na mtoto, yeye awe wa kuogesha, kufua na kukimbizana naye uani, mama awe wa kulisha, kulaza na kupenda. Kama hamna dada tafuteni mdogo wako au binamu, ila asibaki bibi peke yake na mtoto anayejua kukimbia, hapo siwafichi.

Pili nendeni mapema mkae wote. Mimi nilikaa siku nane kabla ya safari, siku tatu za mwanzo nafanya kila kitu mimi bibi anaangalia, halafu tukabadilishana yeye anafanya mimi nipo pembeni, mpaka usiku mbili za mwisho mtoto akawa analala chumba cha bibi. Kama bado ananyonya na unataka kumwachisha ziwa basi mwachishe mwezi mmoja kabla huko, usimwachishe siku ya safari ukamkosesha ziwa na mama kwa mpigo mmoja, masikini mtoto atajua dunia imemgeuka.

Na wakati uko pale izunguke nyumba umeinama, kwa urefu wa mtoto. Nyumba za wazee wetu zina vitu ambavyo kwako umeshavitoa au hukuwahi kuwa navyo. Kisima cha uani, kina kifuniko kizito au bati tu limeegeshwa? Ndoo na mapipa ya maji, mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo ya kawaida tu akitanguliza kichwa, kwa hiyo yafunikwe au mlango wa bafu ufungwe muda wote. Jiko la mkaa na chupa ya chai vitoke chini. Mafuta ya taa, kama yamo kwenye chupa ya soda au ya maji yaondoke siku hiyohiyo, na mwambieni kila mtu pale kwamba ikitokea mtoto kayanywa asitapishwe na asipewe maziwa eti yakate sumu, akimbizwe hospitali na chupa yenyewe ibebwe. Halafu kubwa kuliko yote, vidonge vya wazee. Dawa ya presha, dawa ya sukari, mara nyingi ziko chini ya mto, kwenye pochi, au babu kaziweka mfuko wa kanzu halafu kanzu kaitundika mlangoni. Mtoto anaona pipi. Kidonge kimoja tu cha kushusha sukari kinaweza kumzimisha mtoto mdogo, sikutishi ndivyo ilivyo. Sisi tulinunua kiboksi chenye kufuli kikawekwa juu ya kabati, funguo akavaa mama shingoni.

Sasa kuna masharti. Usimwandikie mama yako kurasa mbili za masharti kama unaajiri mtu, utamuumiza na hatazisoma. Mimi nilichagua matatu tu, nikamwambia mama mengine yote fanya unavyoona. La kwanza alale ndani ya neti kila siku. La pili hilo la vidonge. La tatu akipata homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe malaria, asisubiri kesho wala asinunuliwe dawa ya malaria dukani bila kipimo.

Hili la tatu lizungumzeni kwa upana kwa sababu ndo penye hatari. Wazee wetu wengi mtoto akikohoa sana wanasema ana kimeo kikatwe, akiharisha na homa wanasema ni meno ya plastiki yang'olewe, akipata degedege wanasema sio ugonjwa wa hospitali. Watoto wamevuja damu, wamepata maambukizi, wamekufa kwa haya, na malaria au nimonia yenyewe imebaki bila tiba. Lakini ukimwambia mama "mambo yenu ya kizamani" umeshamfunga masikio. Mimi nilisema hivi, mama nakuomba kitu kimoja niende na moyo mweupe, mtoto akikohoa, akiharisha au akistuka mwili, mpeleke kwanza hospitali, hayo mengine tutashauriana nikirudi. Akakubali. Nikaomba pia nesi wa kliniki yetu amweleze, maana saa ingine neno la mgeni linapokelewa kuliko la mwanao.

Dawa za nyumbani zisiwe nyingi. Parasetamo ya maji, nesi amuandikie kwenye chupa kwa peni ni mililita ngapi kwa uzito wa mtoto wenu na isizidi mara 4 kwa siku, na muachie bomba la kupimia, sio kijiko cha chai maana vijiko vya nyumbani havilingani. Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kumnywesha mtoto anayeharisha, moja inachanganywa na lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na ikipita saa 24 inamwagwa. Vidonge vya zinki kwa ajili ya kuharisha, miezi 6 na kuendelea ni miligramu 20 mara moja kwa siku, siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumeacha. Na mtoto ambaye hajafika mwaka asipewe asali, hata ya kulamba.

Karatasi. Kadi ya kliniki halisi ibaki na bibi, na angalia kama kuna chanjo itaangukia wakati hampo, surua rubela inachomwa miezi 9 na miezi 18, na matone ya vitamini A kila miezi 6. Acha kadi ya bima, kopi ya cheti cha kuzaliwa, na barua yenu wawili mliyosaini kwamba bibi fulani anaruhusiwa kumpeleka mtoto hospitali na kukubali matibabu kwa niaba yenu, igongwe mhuri serikali ya mtaa. Mjue tu anayekwenda Hija anaandika wasia na analipa madeni, basi na huo wasia useme mtoto alelewe na nani Mungu akiwachukua. Inauma kuandika, mimi nililia, lakini tuliondoka wepesi.

Hela msitume zote kwa mpigo kwenye simu ya bibi. Tuligawa kwa wiki, kaka yangu akawa anamtumia kila ijumaa, na pembeni kukawa na keshi ya bahasha iliyoandikwa HOSPITALI, hiyo haiguswi hata gesi ikiisha. Muache pia namba ya bodaboda au bajaji mmoja anayeaminika wa kuitwa usiku.

Siku ya kuondoka wengi watawaambia mtoroke akiwa amelala. Hapana jamani. Akiamka hamjaonekana atakuwa anawatafuta nyuma ya mlango wiki nzima na bibi hatoweza hata kwenda chooni. Muage, kifupi, mama anaenda safari atarudi, busu, mpe bibi, ondoka usigeuke. Atalia, alie mikononi mwa bibi. Nilimwachia kanga yangu niliyolalia siku mbili bila kuifua, mama akawa anamfunika nayo, na kwa maneno yake siku zilizokuwa ngumu alikuwa anainusa mpaka analala.

Simu, saa za Makka na za kwetu ni sawasawa, hiyo ni neema, sasa chagueni wakati mmoja tu mfano baada ya alasiri akiwa ameshiba. Wa kwangu akiniona kwenye video alikuwa anapagawa, tukaacha, nikawa natuma voisi fupi za wimbo wa kulala na mama ananitumia klip za mchana. Ila kitu mnachotakiwa kumwambia bibi mapema kabisa ni kwamba kuanzia mwezi 8 mpaka 13 Mfunguo Tatu, siku za Mina, Arafa na Muzdalifa, huenda msipatikane kabisa, mtandao unazidiwa na chaji zinaisha. Asije akaona kimya halafu kwenye taarifa ya habari anaona joto kali huko Makka presha ikapanda. Mpe namba ya kiongozi wa kikundi chenu, na mteue mtu mmoja nyumbani mwenye kuamua la haraka, kwetu alikuwa kaka. Nguo ya Iddi ya mtoto nunua kabla, muachie bibi.

Kurudi nako kuna namna yake. Mahujaji wengi wanarudi na kikohozi, kwa hiyo ogeni, badilisheni nguo, vaeni barakoa siku za mwanzo mnapokuwa karibu na mtoto na wazee. Na mtoto akikukimbia akajificha kwenye kanga ya bibi usimnyakue na usimlaumu bibi kwamba kamharibu, kaa chini, cheza na kitu chake, mwache aje. Wangu alikuja kesho yake asubuhi akanishika sikio. Msiondoke naye siku hiyohiyo pia, laleni pale hata siku tatu, maana bibi naye atabaki na nyumba kimya ghafla baada ya mwezi mzima, mama yangu tulipoondoka aliomba ile kanga ibaki kwake tukamwachia.