Kumjibu Mtoto Mdogo Anapouliza Jambo Linalomtahayarisha Mzazi

Siku tuliyomzika baba mkwe wangu huko Chamwino, mwanangu aliyekuwa na miaka minne alisimama karibu na kaburi, akautazama udongo ukishuka, kisha akauliza kwa sauti iliyowafikia wazee wote: "Mama, babu atakula nini huko chini?" Shangazi yake alimvuta mkono na kumwambia anyamaze kwa kuwa babu amelala. Usiku ule mtoto alikataa kabisa kufumba macho, na kila nilipomfunika shuka aliinuka na kukaa.

Mtoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida hajafahamu kwamba kifo hakina marejeo, na maneno huyachukua kama yalivyotamkwa. Ukimwambia kwamba babu amelala, atauogopa usingizi. Ukimwambia kwamba amesafiri, atamngoja katika kila basi litakaloingia stendi ya Nanenane. Mwambie hivi: "Babu amefariki. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa wala baridi, na hatarudi." Mafundisho ya dini yenu yana nafasi yake, ila nashauri yafuate baada ya maelezo hayo, kwa maana mtoto anayeambiwa tu kwamba Mungu amemchukua babu anaweza kuishi akihofu kwamba kesho atachukuliwa yeye.

Kabla ya kujibu swali lolote zito, mrudishie kwanza: "Wewe unafikiri inakuwaje?" Hapo utajua anachokitafuta na mahali alipokosea. Mama anapokuwa mjamzito, watoto wengi huambiwa kwamba mtoto yumo tumboni, na kwa kuwa wanajua kwamba chakula nacho huenda tumboni, wapo wanaoamini kwamba mama amemmeza. Mtoto wa miaka mitatu au minne atatosheka ukimweleza kwamba ndani ya mama kuna mfuko wa uzazi, ambao si mahali chakula kinapokwenda, na kwamba mtoto hukulia humo mpaka wakati wa kuzaliwa. Akifika miaka sita na kuuliza ameingiaje, mwambie kwamba mbegu ya baba hukutana na yai la mama, kisha nyamaza umsikilize. Akiendelea kuuliza, ongeza kidogo, na akigeukia mchezo wake, mwache. Msichana anapotimiza miaka minane au tisa anapaswa kuwa amekwisha kusikia habari za hedhi kutoka kwako, kwa sababu mabadiliko ya mwili yanaweza kuanza katika umri huo.

Sehemu za siri nazo zina majina, yaani uume na uke, na mtoto afundishwe kuyataja bila kucheka wala kuogopa. Najua kwamba katika nyumba nyingi za kwetu mazungumzo haya huachiwa bibi, shangazi au jando, nami nawaheshimu walezi hao, lakini mtoto wa miaka mitano hawezi kungoja jando ili ajue namna ya kusema kwamba ameguswa vibaya. Aliyezoea kunyamazishwa kila anapotaja mwili wake atanyamaza hata siku anayodhurika, na hilo ndilo linalonifanya niandike haya kwa msisitizo. Akikueleza jambo la namna hiyo, usimkemee. Msikilize, kisha utafute msaada, ikiwa ni pamoja na kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116.

Maswali mengine huulizwa mbele ya anayehusika. Mmekaa kwenye daladala ya Majengo, mtoto anamnyooshea kidole mtu mwenye ualbino na kuuliza kwa nini ni mweupe. Usimzibe mdomo, kwa sababu mkono wako utamfundisha kwamba mtu yule ni wa kutisha au wa kuonewa aibu. Mjibu papo hapo kwa sauti ya kawaida: "Alizaliwa hivyo. Ngozi yake haina rangi ya kutosha ya kuikinga na jua, ndiyo maana amevaa kofia pana." Kisha mwambie mtoto amwamkie, aseme shikamoo kama anavyomwamkia mtu mzima yeyote. Suala la kunyoosha kidole mtalizungumza mkifika nyumbani.

Ukizidiwa na aibu, au ikiwa jibu hulijui, sema: "Nitakujibu jioni tukimaliza kula," na jioni hiyo umjibu hata kama yeye amesahau.

Tarajia pia kuulizwa jambo lile lile tena na tena, kwa kuwa mtoto hulielewa kidogo kidogo. Wangu alikirudia chakula cha babu mara tatu wiki ile, na mara ya mwisho tulikuwa jikoni tukichambua mlenda. Nilimwambia kwa maneno yale yale kwamba babu amefariki na hasikii njaa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mlenda wake nitakula mimi," akaendelea kuchambua.