Somo: Kumpata Mshauri Atakayekusikiliza Unapoishi na Mawazo ya Kujiua

Ninaandika kwa ajili ya mtu wa Moshi au Arusha ambaye mawazo ya kujiua humjia na kuondoka, na kwa ajili ya ndugu anayemtazama asijue aanzie wapi. Kama mawazo hayo yamekuzidi saa hii, usiendelee kusoma: mwite mtu mmoja aje akae nawe, kisha nendeni pamoja idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, iwe Mawenzi au KCMC kwa aliye Moshi, au Mount Meru kwa aliye Arusha.

Hatua ya kwanza: andika maneno yako kabla ya kutoka nyumbani.
Kwenye dirisha la mapokezi, foleni ikiwa mgongoni na kila mtu akisikia, ulimi huwa mzito, na mtu hujikuta akisema kwamba kichwa kinamuuma, akaandikiwa dawa za maumivu na kurudi nyumbani na mzigo uleule. Hilo lilinipata mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda na karatasi iliyokunjwa ndani ya kadi ya kliniki, nimeandika hivi: “Ninapata mawazo ya kujiua. Huja zaidi alfajiri. Naomba kuonana na mtaalamu wa afya ya akili faraghani.” Niliisukuma chini ya kioo. Muuguzi aliisoma, akainuka, akanitoa kwenye foleni bila kusema neno mbele za watu.

Hatua ya pili: jua unamwendea nani.
Daktari wa magonjwa ya akili anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia tiba hutibu zaidi kwa mazungumzo ya mfululizo. Washauri nasaha hutofautiana sana kwa mafunzo, kwa hiyo si vibaya kuuliza amesomea nini. Ikiwa fedha hazitoshi, omba kumwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na mwenye bima aulize mapema kama anahitaji barua ya rufaa.

Hatua ya tatu: mpime mtaalamu kwa namna anavyolipokea neno “kufa”.
Hapa ndipo penye uzito wote. Mshauri wangu wa kwanza, ambaye sitamtaja, aliniuliza: “Una kazi, una watoto, unakosa nini?” Nilimwitikia kwa heshima, nikaondoka, nikakaa miezi mitano bila kumwambia mtu mwingine. Mtaalamu mwenye huruma hakukaripii wala hakimbilii mahubiri. Hukuuliza waziwazi kama unafikiria kujiua, kisha hunyamaza akusikilize. Wengi huogopa kwamba kuuliza hivyo kutampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo, lakini utafiti haujaonyesha hivyo, na mimi nasema kwamba siku nilipoulizwa wazi ndiyo siku niliyolala.

Muulize nawe: “Umewahi kuwahudumia watu wenye mawazo haya, na hufanya nini hali ikizidi?” Jibu zuri hutaja mpango wa usalama. Wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, waliupanga kwa sehemu sita: dalili zinazokuonya, mambo ya kujituliza ukiwa peke yako, watu na mahali pa kukutoa kwenye mawazo, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu wa kuwaita, na kuyafanya mazingira yako yawe salama. Hiyo ya mwisho, kwetu tunaolima, ina maana kwamba dawa za shambani na vidonge vilivyobaki vitoke mikononi mwako, na ufunguo akae nao mtu mwingine.

Hatua ya nne: nenda angalau mara tatu kabla ya kuamua, isipokuwa umedharauliwa, hapo omba mwingine mara moja.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Mwanachama wa Sakina: Dada, nikisema ukweli sitapelekwa polisi?
Jibu: Hofu yako ina msingi, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, jambo ambalo naona linawaziba watu midomo. Lakini kuwa na mawazo na kuomba tiba si kosa. Siku ya kwanza mwombe mtaalamu akueleze mipaka ya siri, na mkubaliane ni ndugu gani atakayeitwa endapo maisha yako yatakuwa hatarini.

Mama wa Himo: Nimekuta maneno ya kutisha kwenye daftari la binti yangu wa kidato cha pili. Nimweleze baba yake na wajomba?
Jibu: Mama, pole sana. Kikao cha ukoo kisubiri. Kaa naye leo mkiwa wawili, mwambie ulichokiona bila kumfokea, muulize wazi kama anataka kufa, na usimwache peke yake hadi mfike hospitali. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, nayo hailipiwi.

Mwanachama wa Machame: Mzee wa kanisa huniombea kila wiki na husema kwenda kliniki ni kukosa imani. Nifanyeje?
Jibu: Kaka, maombi yaendelee. Mkumbushe mzee kwa adabu kwamba KCMC yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na makanisa. Kisha mwombe akusindikize siku ya kliniki, akae nawe kwenye benchi mpaka jina lako liitwe.